Vumbi Jeupe Nyumbani kwa Mashdi

Benchi lenyewe si lolote si chochote: ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mitungi miwili ya gesi iliyokwisha kazi, mbele ya kibanda cha fundi wa hita na samawari, pale uchochoro wa wafuma mazulia unapotokea barabarani, mjini Qom. Lakini ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, na serikali ipi duniani itaanguka kabla ya Ijumaa, huna haja ya gazeti. Kaa hapo baada ya sala ya alasiri, bana bonge la sukari kwenye meno, pokea chai, tega sikio. Mwenye kibanda ni Usta Nosrat, ambaye mtaa mzima humwita Birika, kwa ajili ya kazi yake na kwa sababu akikasirika husikika akichemka kabla hajasema neno. Kulia kwake hukaa Meja, aliyestaafu jeshini akiwa dereva wa lori la viazi, wala hajapata kuamrisha hata mbuzi. Kushoto hukaa Tabibu, muuza mizizi na majani makavu, mtu wa kumpa dawa hata aliyeinama kufunga kamba za viatu. Wa nne ni Keramat, fundi wa kuziba mazulia yaliyotoboka, anayeitwa Mashdi kwa kuwa aliwahi kwenda Mashhad kuzuru kaburi takatifu. Siku hiyo, baridi ilikuwa kavu ya kupasua midomo, na Mashdi alifika amechelewa, mikono yake myeupe.

— Umeanza kuoka mikate, Mashdi? — Meja akamlaki.

Mashdi akaitazama mikono yake kama aliyeazimwa, akaifuta kwenye koti. Koti jeusi likabaki na michirizi.

— Si unga. Ni vumbi la nyumbani kwangu.

— Vumbi la mji huu ni rangi ya udongo — Birika akasema. — Jeupe hilo umelitoa wapi?

— Ndiyo nimekuja kuwauliza. Lina siku kumi na moja. Tunafuta asubuhi, kesho yake lipo. Juu ya televisheni, juu ya kabati, kwenye kioo cha marehemu mke wangu. Leo nimelikuta kwenye kope za mtoto.

Glasi ya Meja ikasimama katikati ya safari.

Mtoto huyo ni mjukuu wake, Bemani, msichana wa miezi miwili. Jina hilo maana yake ni abaki, na alipewa kwa sababu wawili waliomtangulia hawakubaki. Mama yake, Mahrokh, alikuja kujifungulia kwa baba, kwa kuwa mumewe yuko kusini kwenye visima vya gesi na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, kama bado mnamwita huyo ni mume. Hita ikawashwa mchana na usiku, hewa ya chumba ikakauka, mtoto akaanza kukohoa. Ndipo benchi zima likakaa alasiri tatu kujadili mashine ya mvuke. Tabibu alitaka ya mvuke moto, itiwe majani ya mkaratusi. Birika akachemka: ya moto kwenye nyumba ya mtoto ni birika linalongoja kuvutwa waya! Achukue ya mvuke baridi, ile yenye kibati kidogo chini kinachotetema mpaka maji yanakuwa moshi. Birika akashinda, akaenda kuichagua yeye mwenyewe, akaibeba mpaka mlangoni kwa Mashdi. Kwa hiyo aliposikia habari za kope, uso ulimbadilika.

— Na kikohozi? — Tabibu akauliza.

— Kimezidi. Mwanzo kilikuwa cha kooni, sasa kimeshuka kifuani. Na akilala, kuna wakati ananyamaza. Unaanza kuhesabu. Unafika tano, unafika sita, ndiyo anavuta tena.

— Hospitali mmefika?

— Mara mbili. Daktari ametupa dawa ya maji, akaniuliza kama kuna anayevuta sigara ndani. Nikamwambia hakuna.

— Ni dari! — Meja akajipiga paja. — Dari zenu za chokaa zile. Mvuke unapanda, chokaa inalegea, inashuka. Kesi imekwisha, nipe chai.

— Dari yangu ni ya mbao.

— Basi ni jirani. Kuna mtu anasaga mawe usiku.

— Jirani yangu ni bibi wa miaka tisini, Meja. Anasaga meno tu.

Wakacheka kidogo. Mashdi hakucheka. Birika akaweka bisibisi chini, akamgeukia kama hakimu.

— Nijibu mimi. Umeiweka wapi?

— Juu ya meza, ulivyosema. Mbali na ukuta.

— Dirisha?

— Tunaacha upenyo wa kidole.

— Tangi unaosha?

— Kila Ijumaa.

— Kila Ijumaa! Hiyo ni mashine au mahari ya kutazamwa? Kila siku mbili, bwana! Maji yanayolala yanaota utelezi. Humo ndani hujatia kitu? Mafuta? Majani ya huyu?

— Sijatia kitu.

— Ungetia maji ya waridi mtoto angekuwa mzima — Tabibu akanung'unika.

— Thubutu! Tone moja la mafuta linaziba kile kibati. Wewe uza binzari, mashine niachie mimi!

— Haya, mashine yako nzima, fundi mzima, na mtoto kope nyeupe. Hongera.

Birika akaanza kusikika. Meja, ambaye hapendi ugomvi asiouanzisha yeye, akajitia katikati.

— Ngojeni, niwaambieni kitu nisichowahi kuwaambia. Mnalijua ziwa la chumvi, huko nje ya mji. Nimepita kando yake miaka kumi na tisa na lori. Nakwambieni, linatembea.

— Limevaa viatu gani? — Birika akauliza.

— Cheka tu. Mwaka mvua zilipokatika, nilipita alfajiri, ukingo wake ulikuwa mbali kule, kwenye jiwe lenye rangi nyekundu. Wiki ya pili jiwe liko ndani. Wiki ya tatu weupe umefika barabarani. Nikasimamisha lori, nikazima taa. Pakawa na sauti, kama mtu anakanyaga sukari. Hapakuwa na mtu. Lile ziwa limekauka, jamani, linatafuta maji yake. Sasa huku kwako kuna mashine inatoa maji hewani usiku kucha. Linayasikia hayo.

Ulikuwa upuuzi mtupu, na kila mmoja alijua. Hata hivyo hakuna aliyesema acha zako. Barabara ilikuwa imepungua watu, na kutoka nje ya mji kulivuma upepo uliowakausha macho.

— Si ziwa — Tabibu akasema baadaye, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo alipokuwa akiuza. — Tazameni hiyo mashine ni kitu gani. Inapumua. Inapumua usiku kucha, na haina kifua. Hii ya baridi mimi niliikataa tangu mwanzo, mkadhani nauza mkaratusi. Pumzi isiyo na mwenyewe haiachwi ndani ya nyumba. Atakuja anayeitaka aivae.

— Nani? — Meja akauliza.

— Asiyekuwa nayo.

— Ebo! Nyie watu mna akili timamu? — Birika akafoka. — Ni plastiki na waya! Mashdi, kama inakutia wasiwasi, izime. Ndiyo dawa. Izime leo, uone.

Mashdi alikuwa ameinamia glasi yake, na kifuani mwake mlikuwa na jambo alilolibeba siku nane. Lilikuwa zito, na lilikuwa tamu pia, na huo utamu ndio uliokuwa unamtia aibu.

— Siwezi — akasema.

— Huwezi kubonyeza kitufe?

— Kuna alama.

Wakamgeukia wote watatu.

— Marehemu Golandam alikuwa na ile tabia yake. Mnaijua. Akiingia nyumba ya mtu, anapitisha kidole juu ya kabati, anakitazama, ananyamaza.

— Mke wangu akisikia anakuja alikuwa anafuta nyumba kutwa — Birika akasema, na hakuwa anatania.

— Basi. Asubuhi ya nne, juu ya televisheni, katikati ya lile vumbi, kidole kimepita. Kimstari kifupi, hivi. Na mwisho wake kimepinda.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Golandam alifunga vifundo vya hariri miaka arobaini kwenye kitanda cha kufumia mazulia, na kidole chake cha shahada kilijikunja kuelekea ndani kama ndoana. Hata waliomwosha mwisho walikinyoosha, kikarudi, wakakiacha.

— Siku mbili baadaye kwenye kioo — Mashdi akaendelea. — Halafu kwenye sinia la chai. Jana kwenye ubao wa kitanda cha mtoto.

— Mahrokh huyo, anafuta vumbi — Meja akasema, lakini kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

— Nimemwuliza. Ameapa kwa uhai wa mwanawe. Mwanamke aliyezika wawili hawezi kuapa hivyo kwa uongo.

— Ndiyo maana huzimi — Birika akasema taratibu.

— Naifungulia mpaka mwisho. — Mashdi alisema hivyo akiwa hajainua uso. — Mahrokh akisinzia, nanyanyuka, nazungusha kitufe mpaka mwisho. Vumbi likiwa jembamba, alama haionekani vizuri.

Ungetegemea Birika alipuke. Chumba cha mazulia mawili, mashine wazi mpaka mwisho, kuta zitaota ukungu, mtoto atalala kwenye wingu! Yote hayo alikuwa nayo mdomoni. Akayameza, akamjazia mwenzake chai.

— Nisamehe ninachouliza — Tabibu akasema. — Alipata kumwona mtoto?

— Hakumwona. Alifariki msimu wa makomamanga, siku ishirini kabla ya mtoto kuzaliwa.

— Alisema lolote kumhusu?

Mashdi akaizungusha glasi yake. Maneno hayo alikuwa ameyaweka kama mtu anavyoweka barua, na mpaka siku hiyo yalikuwa yakimfariji.

— Alimshika Mahrokh tumbo, akasema: wale wawili niliwaachia wengine. Huyu nitamlea mwenyewe.

Samawari ilikuwa ikinguruma ndani ya kibanda. Tabibu akavuta kola ya koti mpaka masikioni.

— Atamlelea wapi, Mashdi?

Hapo ndipo mzee wa watu alipozinduka. Siku nane alikuwa akilala kama mume ambaye mkewe karudi safari, akiamka na furaha ya kijana, akikimbilia kutazama kidole kimepita wapi. Televisheni. Kioo. Sinia. Kitanda cha mtoto. Alikuwa ameziona alama zikisogea, na hakuwa amejiuliza zinasogea kuelekea wapi. Akakikumbuka kile kimya cha usiku, tano, sita. Kati ya sita na saba, nani alikuwa anavuta pumzi mle chumbani?

— Mtoe mtoto humo leo hii — Meja akasema. — Mlete kwangu.

— Kumhamisha hakusaidii, atafuatwa — Tabibu akasema. — Inabidi marehemu aombwe. Mashdi akae mbele ya hiyo mashine, aseme naye kwa adabu, kama mke.

— Nimwambie nini?

— Mwambie achague. Wewe au mtoto.

— Nitamwambia anichukue mimi — Mashdi akasema papo hapo, na wote wakajua hatanii.

Honi ikalia. Lilikuwa lori dogo la maji matamu, lenye tangi mgongoni, na dereva wake Yadollah, mtu mnene mwenye haraka za kudumu. Mjini Qom maji ya bomba yana chumvi ya kukunja uso, kwa hiyo kila nyumba hununua maji matamu kwa madumu, na kila alasiri Yadollah husimama mbele ya benchi. Alishuka, akachukua dumu la Mashdi bila kuuliza, akalikinga kwenye koki.

— Mbona kimya hivyo? Mmeshikwa na polisi?

Meja akamweleza yote kwa pumzi moja: vumbi, dari, ziwa linalotembea, pumzi isiyo na kifua, kidole cha marehemu, kitanda cha mtoto. Yadollah alisikiliza jicho likiwa kwenye dumu lisimwagike.

— Lina ladha gani? — akauliza.

— Nini?

— Hilo vumbi. Siku kumi na moja liko mpaka kwenye kope. Lina ladha gani?

Benchi likatazamana. Wanaume wanne, ukijumlisha umri wao unakaribia miaka mia tatu, na hakuna aliyefikiria kuonja.

— Vitu hivyo havilambwi — Tabibu akasema hatimaye.

— Haya. Na mashine mnainywesha maji gani?

— Ya bomba — Mashdi akasema. — Maji matamu ni ya mdomoni. Golandam hakuruhusu tone moja liende kwingine. Sakafu bomba, nguo bomba, maua bomba. Kwani mashine ina mdomo?

— Mashine haina — Yadollah akasema, akafunga koki. — Mtoto anao.

Birika alisimama. Nyuma yake, ukutani mwa kibanda, vilikuwa vimerundikwa vipoza hewa vya kiangazi kilichopita, vimeganda ukoko mweupe unene wa kucha. Alikuwa amevikwangua maisha yake yote. Akavitazama, akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi lililosikika barabarani.

— Ya Rabi! Kile kibati hakichemshi! Chungu kinachochemka hubaki na chumvi chini, mvuke unaondoka peke yake. Kibati kinarusha maji na kila kilichomo. Maji yanakauka hewani, chumvi inabaki inaelea. Nimekuuliza dirisha, nimekuuliza ukuta, nimekuuliza tangi… Na mimi ndiye niliyekuchagulia, Mashdi. Mimi huyu huyu mjinga!

Mashdi alikuwa keshaondoka na dumu lake, chai yake haijafika nusu.

Mahrokh alimkuta baba yake amesimama mbele ya televisheni na kidole mdomoni. Alikuwa amempakata mtoto begani, akimpigapiga mgongo, na kifua cha mtoto kilikuwa kikilia kwa ndani kama karatasi inayokunjwa.

— Baba, unafanya nini?

— Chumvi — Mashdi akasema. — Ni ya bomba. Nimeisukutua tangu sijaota meno. Amekuwa akivuta chumvi, mwanangu. Na mimi nimekuwa nikiifungulia mpaka mwisho, ukishalala. Nisamehe.

Akamweleza na kwa nini. Mahrokh hakupiga kelele. Alikaa chini ukutani na mtoto wake, akatazama ule ubao wa kitanda, ambapo kimstari cha jana kilikuwa bado kipo na ndoana yake.

— Nimefuta nyumba hii kila asubuhi — akasema. — Kila pahala. Pale pa alama nimeparuka. Nilijiambia nitapafuta kesho. Mama hakuwahi kumshika, baba. Nilitaka amshike.

Wakalia wote wawili, baba na mwana, kila mmoja kwa sababu ileile, na ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga.

Kisha Mashdi akachomoa waya. Alipofunua tangi alikuta utelezi wa rangi ya maziwa chini, na kile kibati kimevaa ukoko kama jino bovu. Akachukua siki ya achari, akaimimina, akaiacha mpaka ikatoa povu, akasugua kwa mswaki wa zamani, akasuuza mara nne. Akajaza maji matamu. Mkono ulisita alipoyamimina, kwa kuwa miaka thelathini na minane marehemu mwenye nyumba alikuwa amekataza. Kitufe akakiweka katikati. Akafuta televisheni, akapangusa kabati, kioo, sinia.

Ubao wa kitanda aliuacha mwisho. Alitaka kujua jambo moja kabla hajaufuta, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya ule mstari. Kilinyooka. Alijaribu kukikunja pale mwishoni, mara mbili, mara tatu, hakikuweza kupita palipopita kile kingine. Mahrokh naye akajaribu, akashindwa. Mashdi akachovya kitambaa kwenye maji, akafuta.

Benchi lilimngoja siku sita. Alipotokea, Birika alikuwa wa kwanza kusimama, na hakuthubutu kuuliza.

— Anapumua — Mashdi akasema. — Jana kalala kutoka isha mpaka alfajiri. Kikohozi kimebaki kidogo tu. Daktari kamsikiliza kifua, kasema endeleeni hivyo hivyo.

— Alhamdulillahi! — Birika akamkumbatia, akasahau ana grisi mikononi. — Tangi unaosha?

— Kila siku mbili.

— Siki?

— Mara moja kwa wiki. Kaa chini, Birika, mashine yako ni nzuri.

Meja akampa glasi, Tabibu akampa bonge la sukari. Wakanywa. Kwa kawaida yao wangekuwa wameshaanza kubishana kuhusu jambo jingine, lakini hakuna aliyeanza. Meja alijikuna, akasogea, akakohoa.

— Na ile alama? — akauliza, na Birika akampiga teke la mguu.

— Mwache — Mashdi akasema. — Anauliza wanachotaka kuuliza wote. Hakuna vumbi, Meja. Alama itakaa juu ya nini?

— Kwa hiyo ilikuwa chumvi tu.

— Vumbi lilikuwa chumvi. Nimelilamba mwenyewe, sibishi. — Akaiweka glasi chini. — Lakini kidole hakikuwa chumvi. Sasa nyumba ni safi. Kila asubuhi naamka, natazama televisheni, natazama kioo, nyumba inang'aa. Hata akija, sitajua. Atapita, atapitisha kidole chake, atakitazama, hataona kitu, ataondoka. Na mimi nitakuwa nimelala palepale.

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Tabibu, mwenye maneno kwa kila maradhi, akamwekea mkono begani, akatazama chini. Meja akavua kofia. Chai ikapoa kwenye glasi nne.

Ndipo akaja mtu mmoja mgeni wa mtaa, amekumbatia hita kifuani. Alikuwa ameelekezwa kwa fundi Nosrat, akafika na salamu yake tayari mdomoni. Alipowaona wale wazee vichwa chini, kofia mkononi, mmoja analia mchana kweupe, akapunguza mwendo. Akaiweka hita chini taratibu isilie, akaweka kiganja kifuani.

— Poleni sana, wazee wangu — akasema. — Nani amefariki?

Tabibu akamtazama Birika. Mashdi alimtazama yule mgeni kwa muda mrefu, kama anayetaka kweli kumjibu. Birika akainuka, akaipokea ile hita, akaipeleka ndani, wala hakumwuliza ina tatizo gani.